Shomoro Mwenye Ndevu

Satwa, Dubai
8 Novemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimekwisha. Barua hii anakuletea Wangari, mwenzangu wa kazini anayekuja likizo. Mkaribishe chai hata akikataa, maana atakataa kwa adabu tu.

Ulinikataza kukutumia picha kwa simu za watu. Ulisema picha isiyoshikika ni uvumi. Haya basi, zishike. Nimezipiga kwa kamera yako, ile ile uliyonivisha shingoni siku ya safari ukasema nisiiuze hata nikilala njaa. Filamu zinasafishwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye studio hapa Satwa, karibu na mafundi cherehani. Ana chumba cha giza kinachonuka dawa kama chako, na siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikanusa mpaka akaniuliza kama naumwa.

Sasa ukiona weupe humo usiseme filamu imeungua. Ni theluji, Baba. Hapa kuna jengo kubwa, na ndani yake wametengeneza mlima mzima wa theluji ili watu waje watereze. Nje jua linakaanga, ndani meno yanagongana. Kazi yangu ni kwenye kaunta ya makoti. Unakumbuka lile koti la kijivu la studio, lililovaliwa na Chavakali nzima, mwenye harusi na mwenye kitambulisho? Nami nimerithi kazi hiyo hiyo. Mtu anakuja na kaptula, namvalisha koti na buti, anaingia akiwa mtu wa Ulaya. Madam msimamizi anasema nina mkono wa kuvalisha. Sikumwambia nimeutoa wapi.

Na humo ndani kuna ndege! Si wale wa maonyesho. Ni shomoro tu, wale wale wa kwenye paa la jikoni kwetu, na tetere mmoja. Waliingia kwa mlango wa mizigo, wakaona panauzwa chipsi, khalas, basi, wakahamia. Asubuhi kabla milango haijafunguliwa, mashine za darini humwaga theluji mpya, inashuka polepole, na shomoro wanateremka kuokota makombo wakiwa wamevimbisha manyoya mpaka hawana shingo. Haki Baba, nilicheka peke yangu.

Lakini picha zenyewe si nzuri. Theluji imetoka ya kijivu kama majivu, ile inayoanguka haionekani kabisa, na nikitoka nje kwenye joto lenzi inajaa mvuke sioni kitu. Niambie nakosea wapi.

Bintiyo,
Loise Kageha


Nuru Foto Studio, Chavakali
1 Desemba 2024

Kwa mama yangu Loise,

Nakuita mama kwa haki, jina ni la mama yangu na kiburi pia ni chake.

Barua na picha nimepata. Wangari alikataa chai mara moja tu, kisha akanywa vikombe vitatu. Usishangae mwandiko. Vidole vyangu vina baridi yabisi siku hizi, kwa hiyo anaandika Phyllis wa cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Na barua zako ananisomea yeye, kwa sababu napenda kuzisikia. Lakini picha nazitazama peke yangu. Unajua sheria ya studio: picha haionyeshwi mtu kabla ya mwenyewe kuiona na kutoa ruhusa. Phyllis ananyoosha shingo kama bata, na bado hajaona hata unyoya.

Sikiliza. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inajibana. Usiitii. Ifungue zaidi ya inavyotaka, na theluji itakuwa nyeupe. Pili, kinachoanguka hakionekani mbele ya ukuta mweupe. Tafuta cheusi nyuma ya ndege: mlango, nguzo, kivuli. Hapo kila punje ya theluji itajitokeza yenyewe. Tatu, piga magoti. Ndege si mtoto wa kupigwa picha kutoka juu. Nne, kile usichokihitaji kwenye picha, kikate.

Mvuke kwenye lenzi usiufute kwa kitambaa, utaikwaruza. Ungoje. Utaondoka wenyewe.

Mimi sijawahi kuona theluji ila ile niliyoipaka kwa chokaa kwenye pazia la studio, na watu walituma picha zile mpaka Mombasa wakisema wamefika Ulaya. Marehemu mama yako alisimama mbele yake siku ile tuliyojuana, kavaa koti la kijivu, kavimba kama shomoro wako. Kwa hiyo kaza. Mwenye macho haambiwi tazama.

Baba yako,
Gerishom

Anti Phyllis naongeza mstari wangu hapa chini, mzee hajui. Mambo ni sawa, ila mwambie aache kujimiminia chai mwenyewe. Jana aliimimina juu ya meza, akaketi akingoja ipoe.


Satwa, Dubai
4 Januari 2025

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Tulisherehekea hapa chumbani na wasichana wa Nakuru na Tanga. Wa Tanga walipika wali, wa Nakuru wakautia viazi, wakagombana, tukala.

Nimefanya ulivyosema. Nilipiga magoti kwenye theluji mpaka suruali ikaganda. Nyuma ya wale shomoro kuna mlango mweusi wa chuma wa chumba cha mashine, nikawangoja hapo. Wueh! Theluji inaonekana ikishuka, punje kwa punje, na dume mmoja mwenye ule weusi wa kidevuni amekaa katikati kama chifu kwenye baraza. Mzee wa studio alinipigia makofi.

Kasoro ni moja. Nilikuwa nimeshika makombo ya chapati mkono wa kushoto ili asogee, na mkono umeingia kwenye picha, hapo pembeni chini, bila glavu, umejaa theluji. Nataka niikuze picha hiyo. Niukate mkono?

Na mbona nikipiga simu unasema mtandao mbaya, unakata? Ukimpa Anti Phyllis simu mtandao unakuwa mzuri mara moja. Unajimiminia chai mwenyewe kweli? Acha kujichoma.

Bintiyo,
Loise


Chavakali
28 Januari 2025

Mama yangu,

Nani amekuambia habari za chai? Nitamtafuta.

Picha nimezipokea na nimeridhika. Mlango mweusi umefanya kazi. Kuhusu mkono, kata. Mpiga picha hatokei kwenye picha yake. Mteja alilipia uso wake, hakulipia vidole vyangu. Kata bila huruma, ukuze ndege peke yake, uniletee.

Studio ipo. Wateja wachache wakija nawaambia kamera iko kwa fundi. Kwanza si uongo, iko kwako.

Baba yako,
Gerishom

Phyllis tena. Alitaka kunigombeza kwa ajili ya chai, lakini alimkazia macho yule mwanasesere wangu wa kupimia nguo, akamgombeza yeye. Mwanangu, kuna jambo nimeapishwa nisiliseme, na mimi ni mtu wa kanisa.


Satwa, Dubai
20 Februari 2025

Baba,

Kwa haraka, Isaiah, yule kijana wa kwa kina Austine huko kwetu, anaondoka leo na ndege. Bahasha ya picha ndiyo hii, bora kuliko zote. Nimeitoa studio sasa hivi na sijaifungua hata mimi. Mzee ameifunga kwa gundi na nimeheshimu sheria yako: wa kwanza kuiona awe mwenyewe. Ni yule dume peke yake, karibu kabisa, theluji ikimwangukia. Picha ya mkono bado sijaikuza, nitaukata nikipata siku ya mapumziko.

Anti Phyllis ameapishwa nini?

Loise


Chavakali
14 Machi 2025

Mama yangu Loise,

Sasa umekuwa mpiga picha. Nasema hivyo na sitarudia, usije ukavimba kichwa.

Huyu dume ni mfalme. Amekaa kifua mbele, hakutishika na kamera. Ule weusi wa kidevuni umejaa, mzito, umeshuka mpaka kifuani. Nilishasahau shomoro anaweza kuwa na heshima hivyo. Kosa moja tu, na nitalisema kwa sababu mimi ni baba yako: nyuma umeweka weupe mtupu. Nilikuambia cheusi! Theluji imejimeza, haionekani ikianguka. Lakini ndege mwenyewe amekuokoa.

Nimemtia kwenye fremu ile kubwa ya harusi, nimemweka dirishani kwa studio, upande wa barabara. Hili ni dirisha lililokaa tupu tangu simu zilipoingia. Watu wanasimama wanatazama. Nawasikia wananong'ona. Mwacheni atazamwe.

Nakula vizuri. Mvuke utaondoka.

Baba yako,
Gerishom

Mwanangu, ni Phyllis. HONGERA! Chavakali yote imefurahi. Mama mchungaji amekwisha kuniuliza kitambaa cha sare ya harusi kitakuwa rangi gani. Ni mwanamume mzuri, ndevu zimechanwa, ametulia. Lakini mbona baba yako anamwita ndege? Mwanzo nilidhani ni utani wa wakwe. Alipofika pale pa kifua na kidevu nilicheka peke yangu, kisha nikamtazama usoni, na yeye hakuwa anacheka.


Satwa, Dubai
2 Aprili 2025

Kwa Anti Phyllis (isome peke yako, usimsomee),

Shikamoo Anti. Kaa chini kwanza.

Sina mchumba. Yule wa dirishani anaitwa Siraje, ni Mganda, ni askari wa ulinzi kwenye jengo moja kule Dubai Marina. Sikuwa namjua kabisa. Alipiga picha ya kuombea kazi kwa mzee yule yule wa studio, ukuta mweupe nyuma, kavaa tai, na mzee akachanganya bahasha. Wiki ile ile Siraje alikuja mpaka kwenye kaunta yangu ya makoti, kavua kofia, akasema, “Dada, nimefungua nitafute uso wangu, nimekuta ndege.” Aliambiwa kwa mzee kwamba mwenye ndege ni yule msichana wa kamera ya kale anayefanya kazi kwenye theluji. Tulicheka mpaka madam akaja kuuliza kuna nini. Alinirudishia shomoro wangu, na kwa kuwa uso wake ulikwisha panda ndege kuja Chavakali, akaenda kupiga mwingine.

Kwa hiyo nilijua picha imekosewa. Nilikuwa nangoja barua ya Baba kwa hamu, najua atakavyonigombeza: “Huyu nani? Ndege yuko wapi?” Badala yake amemsifia shomoro. Anti, nilisoma barua ile nikicheka, na nilipofika mwisho nikawa nalia, katikati ya wasichana wa watu.

Haoni. Sivyo? Ndevu ameziona weusi wa kidevuni, na ukuta ameuona theluji. Ndiyo maana anaandikiwa, ndiyo maana anasomewa. Na mimi namtumia picha! Niambie ukweli wote, kiapo nitakubebea mimi.

Loise


Chavakali
19 Aprili 2025

Mwanangu Loise,

Marahaba. Mficha maradhi kilio humfichua, nilimwambia mzee hivyo tangu mwaka jana, akaniambia nishone nguo.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuja kanisani wakampima, wakasema ni kitu kidogo, anatolewa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wamempa na tarehe. Mama mchungaji alifanyiwa, sasa anaona mpaka dhambi zetu. Lakini baba yako amekataa kata kata. Ukimuuliza anasema lenzi ikishafunguliwa na fundi hairudi kuwa ile. Ati maisha yake yote hakuruhusu mtu kufungua lenzi, na hataanza na yake mwenyewe. Anasema kidogo kinachobaki kinamtosha kujua asubuhi na jioni. Nilimwambia hata kuku anajua hayo.

Kusema ukweli, anaogopa. Sijawahi kumwona akiogopa. Kila Jumamosi anapanga picha zako mezani, anazipapasa kona, anazirudisha kwenye bahasha. Nikiingia anajifanya anatazama.

Na watu wa dirishani sijawaambia kitu. Kwanza mchungaji amekwisha tangaza. Tutaona.

Tarehe aliyopewa ni mwezi wa tano, ikipita ni mpaka mwakani, na daktari alisema asikawie sana. Wewe ndiye uliye na jina la mama yake. Andika.

Phyllis

Na huyo Siraje anakuja tena kwenye kaunta, au alirudisha ndege tu akaenda?


Satwa, Dubai
26 Aprili 2025

Kwa Baba yangu Gerishom,

Anti Phyllis, msomee yote, na usiruke mstari hata akikuambia uache.

Baba, najua. Usimgombeze mtu. Picha iliyoko dirishani kwako si ya ndege. Ni ya mwanamume mwenye ndevu na tai, bahasha zilichanganywa hapa. Umemsifia kifua, na nimemfikishia sifa zako, amefurahi sana.

Umekwisha kasirika? Kasirika, kisha unisikilize.

Unasema lenzi ikifunguliwa hairudi kuwa ile. Ulikuwa ukiwaambia wateja hivyo, na mimi nilikuwa naitikia nyuma yako. Lakini nilikuwa chini ya meza, Baba. Nilikuwa mdogo, mvua zile ndefu, na kuvu iliota ndani ya lenzi ya kamera hii hii, picha zote zikawa na utando. Ulingoja uondoke wenyewe. Haukuondoka. Ndipo ukaifungua juu ya meza ya kulia, vioo vimepangwa juu ya leso ya Mama, naye analalamika chakula kiwekwe wapi. Ulitoa kioo kimoja kilichoharibika ukaweka cha kamera nyingine iliyokufa. Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Uliponiona ulinipa mkate nisimwambie mtu. Nimekula mkate huo nikanyamaza miaka yote, leo nasema.

Lenzi hiyo ndiyo iliyopiga harusi zote za Chavakali baada ya hapo. Ndiyo ninayopigia shomoro. Mzee wa hapa ana mashine kubwa za kisasa, na kila nikimletea filamu anauliza ni lenzi gani hii, mbona inaona vizuri. Basi ilirudi au haikurudi?

Kuna mvuke wa nje, huo unangojewa. Kuna kuvu ya ndani, hiyo inafunguliwa. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Naogopa pia, kwa taarifa yako. Naogopa nije nyumbani siku moja usimame mlangoni ukimsalimu mwanasesere wa Anti Phyllis ukidhani ni mimi.

Ndani ya barua hii kuna bahasha nyingine imefungwa. Humo yumo shomoro wa kweli, yule aliyepotea, na theluji inamwangukia, mlango mweusi nyuma. Sheria ni yako: picha haionyeshwi mtu kabla ya mwenyewe kuiona. Mwenyewe ni wewe. Kupapasa kona si kuona. Phyllis asifungue, mchungaji asifungue. Itakaa hapo mpaka uione, na kabla hujaiona sitakutumia nyingine.

Haya, yalla, Baba. Inua kidevu, tazama hapa.

Bintiyo akupendaye,
Loise Kageha


Nuru Foto Studio, Chavakali
11 Juni 2025

Kwa mama yangu Loise,

Mwandiko ni wangu. Umepinda kwa sababu naandika kwa jicho moja, la pili bado limefunikwa, watalifungua baadaye. Baridi yabisi, kama ulivyokwisha gundua, sina. Naandika bila Phyllis kwa mara ya kwanza, kwa hiyo naweza kusema kwa uhuru kwamba amezeeka. Yeye naye ametazama nilivyofunikwa akasema nimependeza, sasa sijui nani anamdanganya nani.

Aliponisomea barua yako nilikasirika siku nzima. Nilikaa studio mlango umefungwa. Kilichoniuma si macho, ni ule mkate. Nilidhani nilikununua vizuri. Jioni nilitoka nikamuuliza Phyllis tarehe ile bado ipo, akasema ipo, na alikuwa ameshapanga gari bila kuniuliza. Mimi nimezungukwa na wanawake wakaidi.

Mikono ya daktari haikutetemeka. Nilimwuliza kabla. Alicheka akasema yeye hafanyii juu ya meza ya kulia. Kumbe Phyllis alikuwa amemweleza kila kitu.

Nilipofunguliwa nilirudi studio, nikasimama barabarani mbele ya dirisha langu. Loise. Huyu ni shomoro gani mwenye masikio? Na tai! Nilisimama hapo nikacheka mpaka watu wakatoka kwenye maduka. Mama mchungaji nimemwambia ukweli, amesikitika, kitambaa alikwisha nunua. Sikumtoa dirishani. Picha ni nzuri, na dirisha tupu halina faida. Mwambie huyo Siraje uso wake uko salama kwangu, na kwa sheria ya studio, picha hukabidhiwa mwenyewe mkononi. Akiitaka aje aichukue. Phyllis anasema ulimwambia kwenye simu kwamba bado anakuja kwenye kaunta yako. Mimi sijauliza kitu.

Kisha nilifunga mlango nikafungua bahasha yako.

Kwa hiyo theluji huanguka hivyo. Mimi niliipaka kwa brashi kama chokaa ya ukuta, imesimama, nikadhani nimemaliza. Kumbe kila punje inashuka na njia yake. Huyo ndege amevimba, amefumba jicho nusu, ana punje moja juu ya mdomo na hajali. Nimempenda. Ni shomoro wa jikoni tu, na nimemtazama kama sijawahi kumwona shomoro, na huenda ni kweli sijawahi. Pazia nitalipaka upya. Phyllis atashika ngazi.

Nikatoa na zile za mwanzo zote, nikazipanga mezani. Majivu yale ya kwanza ni mabaya kweli, nilikuwa sawa bila kuona. Halafu nikafika kwenye ile ya mkono.

Nilikuambia ukate. Nilisema bila kuangalia, kama fundi aliyechoka. Sasa nimeangalia. Ndege yuko juu, ametulia, sina neno naye. Pale chini pembeni kuna mkono umefunguliwa, una makombo, theluji imejaa kiganjani na wewe hukuuondoa. Kidole cha mwisho kimepinda kuelekea ndani. Cha mama yangu kilipinda hivyo hivyo. Nilikuwa nimekisahau, wala sikujua kwamba unacho. Nimekulea, nimekuvalisha, nimekupiga picha tangu siku ya ubatizo, na sikuwahi kukitazama.

Tangu asubuhi niko nacho hapa. Wateja wawili wamekuja nikawaambia kamera iko kwa fundi.

Usikate mkono. Kata ndege ukitaka.

Baba yako,
Gerishom